Mstari Unaopita Chumbani kwa Nyanya

Jumatatu, 8 Julai 2024

Baba Mdogo Sadiki ameniletea samaki. Mikebuka mibichi, kaibeba mwenyewe mkononi, yeye mwenye mitumbwi na watu wa kutuma! Akaketi. Akauliza habari za masomo. Miaka mitatu niko Bukavu hajawahi kuuliza hata jina la ninachosoma. Leo anataka kujua urbanisme ni nini.

Kuna kitu.

Nikamwambia: ni kupanga miji. Barabara ipite wapi, soko likae wapi, maji yaende wapi. Akauliza kama ni kweli tunasomea miji ya Wazungu. Kweli. Programu yetu ina mwelekeo wa Ulaya, walimu nusu wanatoka huko. Najua tramu ya Lyon inapinda wapi. Najua Waholanzi walivyoinyang'anya bahari ardhi. Nimefaulu mtihani wa «mji wa robo saa», ambamo kila unachohitaji unakifikia kwa miguu ndani ya dakika kumi na tano. Nyanya alipoelezwa alisema basi mji wetu wa Baraka ni Ulaya, isipokuwa maji ya bomba.

Baba Mdogo akacheka sana. Halafu akauliza, kama mtu anayekumbuka kitu njiani, kazi yangu ya likizo hii ni ipi hasa. Nikasema kupima. Kupima wapi? Hapa, ukingoni mwa ziwa. Akatazama mitumbwi yake iliyopandishwa mchangani mbele ya nyumba ya Nyanya.

Samaki ni watamu. Nimewala wote na shaka yangu.


Alhamisi, 11 Julai

Lionel amefika juzi kutoka Bukavu. Kanisa limempa chumba. Yeye na mimi tumepewa kazi moja: kuchora mpango wa ukingo wa ziwa kwa ajili ya mradi fulani ambao chuo kimeungana nao. Profesa Henri atakuja kutoka Ubelgiji mwanzoni mwa Agosti, atembee na mpango wetu mguu kwa mguu. Kisha mmoja wetu ataenda kusoma muhula mmoja huko kwake. Mmoja! Wametupa kazi ya wawili na zawadi ya mmoja. Aliyepanga hivyo anajua alichokuwa akifanya.

Lionel ni mpole mno. Ananibebea mita ya kupimia. Ananiachia kivuli. Mtu anayeshindana nawe akikuachia kivuli, uliza jua linaelekea wapi.

Mpango wenyewe ni huu. Aprili ziwa lilipanda, kama lilivyopanda miaka ile mingine, likaingia majumbani. Kwa Nyanya lilifika jikoni, masufuria yakaelea. Kwa hiyo tunapima kutoka alama ya maji ya Aprili, mita kumi na tano kwenda juu, tunapiga mstari. Chini ya mstari hakuna nyumba tena: miti, njia ya miguu, mahali pa watoto. Ziwa likipanda halimkuti mtu. Profesa anasema ukingo wa ziwa ni mali ya wote. Darasani niliandika sentensi hiyo nikaipigia mstari. Ilikuwa nzuri kweli.

Leo mchana tumefika kwetu. Nikashika ncha ya mita, Lionel akatembea. Mita kumi na tano zimeishia ndani ya chumba cha Nyanya, kama hatua moja kutoka kitandani.

Lionel aliitazama namba. Akaandika, akafunga mita, akaomba maji ya kunywa.

Upole wake huu siupendi.


Jumapili, 14 Julai

Nimefanya upumbavu na sijui bado ni mkubwa kiasi gani.

Nyanya alimwalika Lionel kula. Baba Mdogo akaja bila kualikwa. Baada ya ugali Nyanya akasema nimwonyeshe hiyo kazi inayonifanya nitembee juani kama mtafuta mbuzi. Nikafungua tablet. Hajui kusoma, lakini nyumba yake aliiona mara moja, kwa sababu ya mwembe wa jirani na pale pwani inapoingia ndani. Akaweka kidole.

«Hapa njo pale minalala?»

Nikasema ndiyo. Akauliza huu mstari mwekundu ni nini. Nikamwambia. Sikuweza kumdanganya, na nilidhani atalia au atanifukuza. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alitazama tu, akauliza, «Na ni kitu gani inaweza kuupindisha?»

Hapo ndipo nilipojifanya profesa. Nikasema mradi una kanuni: mstari hauvunji msikiti wala kanisa, hauvunji shule, na haugusi makaburi. Pakiwa na kaburi, njia inazunguka. Nikaongeza na Uswisi! Nikawaeleza kwamba kule kuna ziwa ambalo njia ya ukingoni inafika kwenye majumba ya matajiri inaacha maji, inazunguka nyuma ya bustani zao, kisha inarudi. Lionel akasema matajiri wana mawakili, marehemu hawana. Tukacheka wote.

Baba Mdogo ndiye aliyecheka kidogo kuliko wote. Akaomba kuona tena mstari unapopita. Nikamwonyesha. Akaufuata kwa kidole, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayehesabu mitego yake.


Jumatano, 17 Julai

Makaburi!

Wiki iliyopita nilipita ukingo mzima, sikuona hata moja. Leo yapo. Moja mbele ya nyumba ya Mama Émilienne, jirani yetu Mprotestanti, lina saruji na msalaba. Nilipoigusa saruji kidole kilizama. Mama Émilienne akasema ni mjomba wake wa zamani sana. Nikampa pole. Akaipokea bila kunitazama usoni.

Mengine ni ya kwetu Waislamu: vichuguu vya udongo, mawe kichwani na miguuni, udongo bado una unyevu wa jembe. Nikaenda nayo moja baada ya jingine na simu yangu ikionyesha dira. Yote yamelala juu ya mstari wangu. Si karibu nao. Juu yake, kwa urefu, yakifuatana kama shanga. Aliyeyatengeneza alitaka kila kaburi lizibe mahali pakubwa iwezekanavyo, kwa hiyo aliyalaza sambamba na ziwa.

Sasa, hapa kwetu Kibla iko upande wa kaskazini. Maiti hulazwa ubavu wa kulia akitazama huko, basi kichwa kinaelekea ziwani, miguu milimani. Mtoto wa madrasa anajua. Hawa marehemu wamelala kichwa kaskazini, Uvira, miguu kusini, Kalemie! Ni Mwislamu gani aliyezikwa akitazama milima ya Fizi?

Nikacheka peke yangu pale mchangani. Kisha kicheko kikaisha. Mstari wa mita kumi na tano waliuona watu watatu tu: Lionel, Baba Mdogo, Nyanya. Jana Lionel alizungumza kwenye simu muda mrefu, kwa Mashi, lugha ya kwao, nyuma ya kanisa. Nikimkaribia anahamia Kifaransa.


Ijumaa, 19 Julai

Si Lionel. Nilikuwa nimekwisha kumhukumu na hata adhabu nilikuwa nimeichagua.

Baada ya sala ya Ijumaa nilimfuata Baba Mdogo kwenye mitumbwi. Nikamwambia makaburi yake yamelala vibaya. Hakukataa hata kidogo! Alionekana kukasirikia kosa lenyewe. Alisema aliwaonya vijana wake, lakini ukiyalaza sawasawa kila moja linaziba sehemu ndogo tu, watu wangelima makaburi hadi Agosti.

«We mwenyewe njo ulisema. Njia inazungukaka kaburi. Sasa kaburi iko.»

Nikamwambia hakuna mtu ndani. Akanieleza kwa upole, kama anayemfunza mtoto kutega nyavu, kwamba watu wa mradi hawatakuja na majembe. Watakuja na karte, ramani niliyoichora mimi.

«Weka tu mu karte. Ukishaweka, batabisha na nani?»

Hapo nikaelewa wale samaki. Na nikaelewa kitu kingine pia: mitumbwi yake inapandishwa pale pale, mbele ya nyumba ya mama yake. Nyumba ikienda, na mchanga wake unaenda. Anasema ni kwa ajili ya majirani wote. Labda. Mimi naona mitumbwi ikiwa ya kwanza, majirani wa pili, na mama yake sijui wa ngapi.

Kunyamaza kwangu atakuchukua kuwa ndiyo. Ningekuwa yeye, ndivyo ningefanya.


Jumanne, 23 Julai

Lionel naye ameyaona. Hakuhitaji dira. Alisema saruji haichukui miaka thelathini kukauka.

Ameniambia hatasema wa kwanza, ila akiulizwa hatabeba uongo wangu. Nikasema si wangu. Akasema, «Ni wa kwenu.»

Nimekasirika hadi sasa. Kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nikianguka kiti cha Ubelgiji ni chake, na anajua, na bado anazungumza kama padri.

Simu za Mashi: mama yake ana presha. Nimemsikia akimhimiza anywe dawa. Sijui kwa nini habari hiyo haijanifanya nimpende.


Alhamisi, 25 Julai

Hata Nyanya!

Nimerudi kutoka kupima, uani kuna kaburi. Kati ya dirisha la chumba chake na ziwa. Udongo umepigwa vizuri, mawe ya mtoni kichwani, mawe ya mtoni miguuni. Alikuwa amekaa juu ya mkeka anaosha mikono, kucha zimejaa udongo. Amechimba mwenyewe, mwanamke wa umri ule, na jembe lake la muhogo.

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia yeye nilimdhania mtu wa swala tano. Nikamuuliza Baba Mdogo amempa nini. Nikamwambia kwa ajili ya ujanja huu nitafukuzwa chuoni. Niliyasema yote hayo nimesimama, yeye amekaa. Nilikosa adabu.

Akaningoja nimalize. Kisha akasema, «Ya Useni hii.»

Useni ni babu yangu.

Nikatoa simu. Mungu anisamehe, nikatoa simu mbele yake nikapima. Kichwa ziwani, miguu milimani. Limelala sawasawa kabisa.


Ijumaa, 26 Julai

Sikulala vizuri. Naandika ninayoyajua, nione kama nadanganywa.

Mwaka wa 1996 vita vilipofika watu walikimbilia rasi ya Ubwari, kutoka Ubwari wakavuka ziwa kwenda Kigoma. Nyanya alivuka na watoto wake wawili, baba yangu na Baba Mdogo. Babu Useni alibaki kumsubiri mama yake aliyekuwa hawezi kutembea haraka, wavuke na mtumbwi unaofuata. Ule mtumbwi haukufika Kigoma, haukurudi Ubwari. Hakuna aliyeuona ukizama. Hakuna aliyeokota hata ubao.

Hayo kila mtu anayajua. Na hili pia kila mtu analijua: Nyanya hakukaa eda. Walimwambia amekuwa mjane, akasema nani kawaambia, ziwa? Hakuvaa nyeupe, hakupokea matanga. Waliokuja kumposa aliwaambia ana mume. Waliporudi kutoka kambi ya wakimbizi alijenga hapa hapa, juu ya msingi wa zamani, ijapokuwa kulikuwa na parseli nzuri zaidi za kujenga juu barabarani, maana Useni akirudi atakuja kutafuta hapa. Mimi nimekua nikimsikia akisema Useni hapendi pilipili. Hapendi, si hakupenda. Nilidhani babu ni mtu aliyesafiri.

Kwa hiyo naliuliza lile kaburi: wewe ni la nini? La mume, au la kupindisha mstari wangu? Nimejaribu kumtazama Nyanya kama ninavyomtazama Baba Mdogo. Yeye ananitazama tu. Ameniuliza kama nimekula.


Jumapili, 28 Julai

Nyanya amemwita sheikh. Mwenyewe!

Nilidhani atakuja kukemea, na alikuja na uso wa kukemea. Makaburi ya Baba Mdogo yameshamfikia masikioni. Nilikaa ndani karibu na pazia, nikasikia yote.

Sheikh alimweleza kwamba kaburi lisilo na maiti si kaburi, ni udongo. Nyanya akakubali. Lakini akauliza: na mume asiyeonekana miaka hii yote? Sheikh akasema hilo ni jingine. Angeweza kuhukumiwa kuwa amekufa tangu zamani, ni yeye aliyekataa. Akikubali leo, wataitangaza msikitini, watamswalia ghaibu, bila maiti, naye atakaa eda yake yote kama wajane wengine, miezi minne na siku kumi. Na ikishatangazwa haichezewi. Hawezi kuwa na kaburi uani huku moyoni bado ni mke wa mtu. Achague moja.

Nikasikia tasbihi ya Nyanya ikigonga mkeka.

Akasema, «Tangazeni.»

Sheikh akamuuliza mara ya pili, kwa jina lake, Jamila binti fulani bin fulani, kama anajua anachokisema. Akasema amechoka kungojea mahali ambapo patavunjwa.

Sielewi! Au naelewa na sitaki. Ameijenga nyumba amngoje mume. Sasa, ili nyumba ibaki, anamzika mume.


Jumatano, 31 Julai

Matanga. Wanawake wamejaa uani, unga, kuni, samaki wa ndagala kwa kapu. Wamelia kana kwamba babu kafa jana. Mama Émilienne alikuja na vitenge vyake vya msiba, akapika tangu asubuhi. Baba yangu amepiga simu kutoka Misisi anakoishi, njia imeharibika, pikipiki hazipiti. Alikuwa analia, nikamshikia simu Nyanya sikioni.

Nyanya yuko chumbani, amevaa nyeupe. Hatoki. Kile chumba ambacho mstari wangu unapita ndani yake, ndimo atakaa hadi Desemba.

Nilimvizia Baba Mdogo. Nilikuwa na hakika nitamkuta ametulia, mpango umefaulu kuliko alivyoupanga. Nikamkuta upande wa ziwa ameinama kwenye lile kaburi, anarudisha jiwe lililosogea. Analia na kamasi zinamtoka, mtu mzima yule. Alikuwa na umri wa miaka saba walipovuka. Alisema babake alimpandisha mtumbwini, akamwambia asitie mkono majini.

Jioni akachukua jembe. Akaenda ukingoni akasawazisha makaburi yake ya uongo, moja baada ya jingine, mbele ya watu. Walipomuuliza akasema hawezi kumweka baba yake katika kundi la wahuni. Mama Émilienne aliporudi kutoka kwetu akakuta kwake pia vijana wa Baba Mdogo wameshang'oa msalaba.


Alhamisi, 1 Agosti

Nimerekebisha karte. Ukingo wote mtupu, mstari umenyooka. Mahali pamoja tu kuna alama ya kaburi. Na mstari unapofika hapo unapinda.

Niliuchora upindike. Mkono wangu ndio uliochora. Nimeandika pembeni «itathibitishwa», ili nisiwe nimesema.

Habari imetembea haraka kuliko mimi. Leo kisimani hakuna aliyenipisha. Mama Émilienne, ambaye jana alikuwa anatukorogea uji, alinisalimia vizuri kisha akasema bila kupaza sauti:

«Ile laini yenu ya masomo iliijua nyumba ya kwenu. Za bengine haikuzijua.»

Mwezi mzima nimewashuku watu. Sikuwahi kujiuliza mimi naonekanaje kutoka ng'ambo ya ua.

Nimefikiria kurudisha mstari mahali pake. Nimefikiria pia kwamba ziwa halijui eda wala matanga. Aprili ijayo linaweza kupanda likamkuta kitandani. Mita kumi na tano si ukatili wa Wazungu. Nimepima mwenyewe. Zinatosha kabisa kumwokoa mtu, akitaka kuokolewa.


Ijumaa, 2 Agosti

Naandika haraka, niko chumbani kwa Nyanya.

Profesa Henri amefika asubuhi. Ameungua shingo tayari. Anaongea Kiswahili cha vitabu, watoto wanamfuata wakimwiga. Tumetembea tangu kwenye magofu ya soko la samaki, karte mkononi, na watu nyuma yetu wakiongezeka kila ua tunaoupita. Kila mwenye nyumba alitaka kuona mkono wangu unaonyesha wapi. Mama Émilienne alitembea karibu yangu kabisa.

Tulipofika kwetu Profesa akasimama. Si mjinga. Alitazama mstari ulionyooka, akatazama unavyopinda, akasoma jina la ukoo langoni, akanitazama mimi. Nilidhani atauliza kwa Kifaransa, yabaki kati yetu. Akauliza kwa Kiswahili, wote wasikie: nani amezikwa hapa, na lini?

Nikamtazama Lionel. Anashika tablet, anatazama chini. Hajaulizwa yeye.

Baba Mdogo akasema ni baba yake. Profesa akampa pole, kwa heshima, kisha akasema anahitaji neno la mwenye nyumba, maana kwa kaburi moja na kwa makaburi kumi kanuni ni ile ile. Mwenye nyumba yuko eda, haonekani na wanaume wa kando. Basi nikatumwa mimi. Niingie, niulize, nitoke na jibu.

Nimeingia. Nimefunga mlango. Nimemwambia Nyanya: wanauliza nani yumo ndani ya kaburi. Nikamwambia pia, kwa sauti ndogo, kwamba hakuna atakayechimba. Nikamwambia jibu lolote nitalipeleka.

Hakufikiri. Nguo yake nyeupe bado ina mikunjo ya dukani.

«Muambie iko tupu,» akasema. «Na umuambie mi niko mujane.»

Nikamuuliza basi mstari nao? Nyumba je? Amerudi kwenye tasbihi yake. Nikilipeleka jibu hili, mstari unarudi humu chumbani.

Natafuta ujanja katika uso wake. Natafuta kwa bidii, maana ningeuona ningejua la kufanya. Kupitia dirishani naona migongo ya watu, karte ya Profesa inapepea, mtu anaishika isiruke. Lionel ananiita. Mara ya pili sasa. Nimejibu nakuja.

Sijainuka.